Naomba ushauri: stika za zamani kwenye Puch Maxi zinatokaje bila kuharibu rangi?

Mjukuu_Makorora: Habari zenu wakuu. Nina Puch Maxi ya babu, ile mopedi ya pedali, ipo hapa Makorora Tanga. Ubavuni mwa tenki zimejaa stika za Nenda kwa Usalama za miaka hiyo, jua limezikausha ukigusa na kucha zinapukutika vipande gundi inabaki palepale. Rangi ya bluu bado nzuri siitaki iguswe. Nitumie nini? Ni haraka kidogo.

Fundi_Ngamiani: Wembe usiguse. Pasha kwa drayari ya saluni gundi ilainike, inua pembe kwa kadi ya plastiki, vuta taratibu huku stika umeilaza. Gundi itakayobaki paka mafuta ya taa, iache kidogo, futa, osha kwa sabuni. Jaribu kwanza chini ya kiti.

Bi_Chumbageni: Mwanangu hizo stika ndio kumbukumbu ya babu yako, ziache.

Mkonge_Pongwe: Mzee wangu alikuwa na pikipiki ya hivyo, anatoka nayo shambani kwenye mkonge usiku taa haiwaki, sisi tunasikia mlio tu tunajua baba huyo tunakimbilia mlangoni. Mpaka leo sijui iliuzwa kwa nani.

Fundi_Ngamiani: Mjukuu, haraka ya nini? Na rangi ni ya kiwandani?

Mjukuu_Makorora: Ilipigwa upya zamani na fundi wa mtaani, ila imekaa vizuri. Kuna mteja toka Dar anakuja Jumapili. Nimeshampa fundi mmoja advansi 15,000 aje na thina, ameshafanya bodaboda nyingi hazijaharibika.

Bi_Chumbageni: Kumbe unauza! Babu anajua?

Fundi_Ngamiani: Hilo la rangi ungeanza nalo. Bodaboda rangi yake inaokwa kiwandani. Ya mtaani mara nyingi inachanganywa na thina hiyohiyo, ukiirudishia juu inayeyuka.

Raskazone_Boy: Hii chai. Maxi haina tenki pale mbele kama Boxer, halafu anasema stika ubavuni mwa tenki. Picha iko wapi?

Mjukuu_Makorora: Si chai kaka. Tenki ndio fremu yenyewe, petroli inakaa humo ndani, kifuniko kipo nyuma ya usukani.

Fundi_Ngamiani: Basi anayo kweli. Na kama ni kwenye fremu, futa nilichosema, drayari usiwashe hapo, hata ukimwaga petroli mvuke unabaki. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto, rudia mpaka gundi ilegee. Halafu mwambie mteja mapema, chini ya stika rangi itaonekana imekolea kuliko pembeni, jua halikupafikia.

Mjukuu_Makorora: Nimechovya pamba kwenye thina nikagusa chini ya kiti. Pamba imetoka bluu.

Raskazone_Boy: Mpigie huyo fundi sasa hivi.

Mjukuu_Makorora: Hapokei. Ufunguo wa stoo anao mama, nimemwambia asimfungulie mtu mpaka nirudi.