Jina la Kitambulisho au Lakabu katika Ulimwengu Pepe?

Mwanzisha mada, Mji wa Kale

Salaam aleikum, na hamjambo nyote. Jumamosi iliyopita mpwa wangu wa miaka kumi na miwili aliniomba nimfungulie akaunti ya Roblox, ulimwengu pepe wa michezo ya mtandaoni. Tulipofika penye kisanduku cha jina nikaanza kuandika majina yote matatu ya cheti chake cha kuzaliwa, naye akanishika mkono: maandishi hafifu yalimkataza mtu kutumia jina lake halisi. Nilicheka, kwa kuwa wiki iyo hiyo nilikuwa nimesajili laini ya simu kwa kitambulisho, na hapo jina halisi ndilo lililotakiwa.

Basi nauliza: katika ulimwengu pepe, ambamo kila mtu huingia kwa umbo alilojichagulia, je, ni haki kumlazimisha mtu atumie jina la kitambulisho, au aachiwe lakabu yake? Kwa maoni yangu lakabu iruhusiwe, ila iwe moja na isibadilishwe ovyo. Second Life, ulimwengu pepe mwingine uliofunguliwa mwaka 2003, ulianza na utaratibu nilioupenda: mtu alijitungia jina la kwanza, la ukoo akalichagua katika orodha aliyopewa, na baada ya hapo hakuweza kuligeuza. Wauzaji wa mavazi na majumba ya humo walijijengea sifa kwa majina hayo ya kutunga. Mwaka 2010 utaratibu huo uliachwa, na kila mgeni akapachikwa jina moja la ukoo, "Resident", kana kwamba wote wamezaliwa na baba mmoja.

Nasi wa pwani tuna mazoea na jambo hili. Washairi wetu wa magazetini walijibizana kwa lakabu miaka nenda miaka rudi, na mwanamke mtaani huitwa Mama Fulani hadi jina lake mwenyewe likasahaulika, wala hakuna anayemshuku kwamba amejificha.

Mchangiaji, Likoni

Ndugu yangu, mfano wa washairi ni mzuri lakini umeusimulia nusu. Mshairi alipeleka shairi kwa mhariri, na mhariri angeweza kumkataa. Na huyo Mama Fulani, ukitaka kumlalamikia, mlango wake unaujua. Katika ulimwengu pepe mlango haupo.

Mwaka jana nilikubaliana na kijana mmoja aniuzie vazi la avata, yaani lile umbo la mtu humo, kwa shilingi 1,500. Lakabu yake ilikuwa ya kiume, na ya kuvutia. Nilipotaka kumtumia pesa kwa simu likajitokeza jina la mwanamke. Nikajiambia labda ni laini ya mamake, nikabonyeza. Vazi sikuliona, na kesho yake lakabu ile ilikuwa imetoweka. Wiki mbili baadaye nikamkuta anauza vazi lile lile kwa jina jipya, anasifiwa na wateja wapya. Mtu anayeweza kuzaliwa upya kila Jumatatu ataogopa nini? Mimi nasema majina ya kitambulisho yatumike, na asiyetaka akae nje.

Mchangiaji, Kisauni

Pole sana kwa hasara yako, kaka, lakini naomba usome tena ulichokiandika. Jina la kitambulisho ulilipata kabla pesa hazijatoka, ukalipuuza. Kilichokuponza si kulikosa.

Hilo unalolipendekeza limekwisha kujaribiwa. Korea Kusini ilipitisha sheria mwaka 2007 iliyozitaka tovuti kubwa zithibitishe utambulisho wa watu kabla hawajaandika chochote. Julai 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa tovuti za huko za Nate na Cyworld, zikiwemo nambari za utambulisho wa taifa. Na hiyo Cyworld ilikuwa mahali pa watu kupamba vyumba vyao vya kuchora na kuvivisha nguo vijisanamu vyao. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaibatilisha sheria hiyo. Kampuni ya michezo ya Blizzard nayo ilitangaza Julai 2010 kwamba wachezaji wataandika kwa majina halisi katika uwanja wao wa majadiliano. Mfanyakazi wake mmoja akatangulia kutaja lake ili kuonyesha kwamba hakuna hatari, na muda si muda watu wakawa wamechimbua habari zake binafsi na kuzianika. Mpango ulifutwa baada ya siku tatu.

Sasa ulete hapa Mombasa. Majina yangu matatu yakiandikwa juu ya kichwa cha avata, msomaji wa hapa atajua dini yangu, atakisia kabila langu, na kwa lile la tatu peke yake atajua nyumba yetu iko mtaa gani na shangazi yangu ni nani. Mtu wa mbali akiyasoma haambulii kitu. Kwa hiyo sharti hilo halitulemei sote sawasawa: linamlemea zaidi yule ambaye jina lake ni ramani ya kwao. Binti yangu ana miaka kumi na mitano, na sitamruhusu aingie humo akiwa ameibeba ramani hiyo.

Mwanzisha mada, Mji wa Kale

Bi. Kisauni, hoja ya ramani sikuwa nimeifikiria, na naikubali. Kwa ndugu wa Likoni nitasogea hatua moja: anayeuza ajulikane jina lake pale pesa zinapolipwa, mbele ya mnunuzi wake, na uwanjani abaki na lakabu ileile. Anayecheza tu asiulizwe.

Mchangiaji, Likoni

Hilo naweza kuishi nalo, mradi lakabu isigeuzwe. Lakini mpwa wako je? Jina analojiita leo akiwa na miaka kumi na miwili utamfunga nalo hadi aoe?

Mwanzisha mada, Mji wa Kale

Hapo umenishika. Majina mengi aliyoyataka yalikuwa yameshachukuliwa, akaishia kujiita simba wa jambo fulani lenye tarakimu nne, na sasa binamu zake wanamtania kwalo hata mezani. Nitalegeza: mtoto akifika miaka 18 aruhusiwe kuliacha mara moja na kuanza na ukurasa mweupe. Muuzaji aliyekwisha kupokea pesa za watu, hapana.