Benzi kupe 300CE ya 1991, nichukue ama niachane nayo?

Kijana_wa_Tudor:
Salaam aleikum wandugu. Kuna mzee wetu mmoja Nyali hapa Mombasa anauza Benzi 300CE ya 1991, ile kupe ya milango miwili ya W124 (jina la kiwandani la umbo hilo la Benzi), otomatiki, rangi ya samawati iliyokolea, na tangu niione akili yangu yote iko huko manake hii gari naipenda tangu niko praimari, ukishusha vioo vyote vinne hakuna nguzo katikati, ubavu mzima unabaki wazi upepo wa bahari unapita tu. Sasa hali yake. Inawaka mara moja, gia zinaingia bila kugonga, ngozi ya kiti cha dereva imepasuka kidogo, AC inatoa upepo wa kawaida tu. Ikishashika moto ukisimama kwa taa mapigo ya injini yanapanda na kushuka yenyewe na taa ya ABS (breki za kuzuia tairi kujifunga) inawaka halafu inazima. Kuna kutu chini karibu na mlango wa kushoto, mzee anasema ni ya juu juu. Makanika wangu mimi ni wa Probox na Vitz, alifungua boneti akanyamaza. Bei aliyotaja naifikia lakini nikishanunua sitakuwa na pesa ya kuchezea. Naomba ushauri wa mtu anayeishi nayo hii gari, spea zapatikana? na hewa yetu hii ya chumvi itaniachia gari kweli?

FundiMagongo:
Wa aleikum salaam. Nashika hizi W124 kila wiki kwa hivyo ntakwambia ninayoyaona kazini. Hiyo ya mapigo kupanda na kushuka pamoja na taa ya ABS, kabla hujamwachia mtu akuuzie sensa wala pampu, angalia rilei ya kuzuia umeme kuzidi. Ni kiboksi kidogo cha chuma kiko nyuma ya betri, juu kina fyuzi. Hicho ndicho kinapeleka umeme kwa kompyuta ya KE-Jetronic, mfumo wa Bosch wa kupiga petroli, na pia kwa kompyuta ya ABS, ndio maana zote mbili zinaugua siku moja. Risasi ya ndani inapasuka kwa joto na miaka, gari ikiwa baridi inashika, ikipata moto inaachia. Anza na fyuzi, kama ni nzima badilisha kiboksi chote kwa kipya, zile za kuchomelea upya hudumu kidogo tu.

Injini yako ni M103, silinda sita lita 3.0, ngumu sana hiyo. Nenda asubuhi na umwambie mzee asiiwashe kabla hujafika. Ikitoa moshi wa samawati pale mwanzo halafu ukaisha, ni sili za valvu zimekauka, ugonjwa wake wa kawaida na zinabadilishwa bila kushusha hedi, kile kichwa cha injini. Moshi mweupe usiokwisha na maji kupungua hiyo ni kesi nyingine, ondoka.

Joto sasa. Thamostati yake, ile inayofungulia maji ya kupoza injini yapite, inafungua digrii 87, na hapa kwetu mafundi wengi gari ikichemka jambo la kwanza wanaitoa thamostati wanaitupa, uliza kama iko. Hedi yake ni ya alumini, ikichemshwa mara moja tu inapinda. Ikae kwenye jamu ya Makupa saa nane mchana na AC imewashwa uone sindano inakwenda wapi, ikikaribia 100 halafu feni ikashika na sindano ikarudi hiyo ni nzuri, ikiendelea kupanda basi klachi ya feni imekufa ama redieta imeziba. Na maji ya kisima usitie kabisa kwa redieta, maji yetu ya visima yana chumvi yanakula alumini kutoka ndani, tia kulanti (dawa ya kupoza injini) na maji safi yasiyo na chumvi.

AC usiwe na wasiwasi, gari za mwaka huo zilitoka na gesi ya R12 ambayo haitumiki tena, inabadilishwa kwenda R134a lakini fundi abadilishe na oili, draya na raba zote za mabomba, sio kupiga gesi tu.

BiKizingo:
Mie nnayo 230CE, silinda nne, ilikuwa ya babangu na mpaka leo naendesha. Kakangu fundi kasema kweli tupu kuhusu injini lakini mie nakwambia injini isikushughulishe kichwa. Injini, gia, breki, bushi, taa za mbele, boneti, vyote hivyo vyaingiliana na W124 ya milango minne na hizo zimejaa nchi nzima, ukikosa Mombasa utapata Kirinyaga Road Nairobi utumiwe kwa basi ufike kesho. Kinachomaliza mtu kwenye kupe ni vile vitu vya kupe peke yake. Gari yako ni fupi kuliko ya milango minne, kati ya tairi la mbele na la nyuma imekatwa milimita 85, kwa hivyo milango, vioo vya pembeni, raba zake na mashine za vioo vya nyuma ni vyake yeye. Kuna na ule mkono wa umeme unaokuletea mshipi mbele ukishafunga mlango, ukifa hupati wa kuazima. Raba za vioo zikikauka, kwa vile hakuna nguzo, maji yaingia na upepo wapiga mluzi ukifika 80, na raba mpya za hakika ni ghali mno. Kaa ndani, mtu amwagie maji kwa ndoo juu ya kioo kilipokutana na kingine, wewe pitisha mkono.

Halafu kutu. Hiyo uliyoiona usikubali maneno ya juu juu. Zile plastiki pana za ubavuni zaficha mahali pa kutilia jeki, mwambie mzee mfungue hata moja, na akikataa umepata jibu. Piga tochi chini ya betri, kwenye pembe za chini za kioo cha nyuma, na ndani ya matao ya tairi. Chukua sumaku ndogo, isiposhika ujue hapo ni puti ya kuzibia, sio chuma. Mlango hata ukioza wafungua na kufunga, lakini mahali pa jeki na pale springi inapokalia pakioza gari imekwisha ijapokuwa injini yanguruma vizuri.

Mie yangu silazi chini ya mwarobaini, majani yake madogo yaziba matundu ya maji chini ya kioo cha mbele, maji yatuama, ndani yaanza kunuka uvundo na chuma chaliwa usione. Na usiipeleke kwa wale wanaoosha kwa maji ya kisima. Oili ya breki badilisha kila miaka 2, unyevu wa pwani yainywa hewani.

Mtwapa_Coupe:
Mimi ningemwambia aachane na 300CE atafute E320 kupe ya 94 ama 95, ina nguvu zaidi, injini M104 na mfumo wa petroli wa kisasa kidogo, hiyo KE-Jetronic mafundi wanaoielewa wanapungua kila mwaka.

FundiMagongo:
@Mtwapa_Coupe nguvu nakubali, ni tamu ile. Lakini Benzi za 1993 mpaka 1995 zilitoka na waya za injini ambazo ganda lake linakauka na kumeguka kama biskuti, waya zikigusana zinaweza kuua kompyuta, na kwa joto letu inakuja haraka. Kama amepata iliyobadilishwa waya na kuna risiti sawa, la sivyo hiyo ya 1991 ni salama zaidi kwa mtu asiye na pesa ya kuchezea.

Kijana_wa_Tudor:
Mashallah nimefunguka macho. Na karatasi je? na bima? Pia wikendi mimi ni wa Diani.

BiKizingo:
Karatasi, tafuta namba ya chesisi uilinganishe na logibuku kabla ya kutoa hata shilingi, na search ya mwenye gari ufanye wewe mwenyewe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, usiletewe. Ya 300CE yaanza WDB124050, halafu tarakimu inayofuata iwe 2, ndiyo ya usukani wa kulia. Ikiwa namba yasoma 124043 hiyo ni 230CE iliyobandikwa nembo ya 300CE, yatokea sana. Bima, kampuni nyingi huogopa komprehensivu (inayolipa hata gari yako) gari ikipita miaka 15 hivi, utapewa ya thadi pati (inayolipa wengine tu), zunguka uulize ipi itakubali kwa valuesheni. Na kumbuka huwezi kusema hii ikiharibika bodi ntaagiza nyingine nje, sheria yetu hairuhusu gari iliyopita miaka 8, zilizopo nchini ndizo hizo hizo. Kwa hivyo ukipata moja iliyokaa bara, Nakuru ama Nairobi, bodi kavu, hata kama injini yaugua, chukua hiyo uiwache ya Nyali.

Diani pitia barabara ya Dongo Kundu, usipande feri ya Likoni kama bahari yarusha maji. Ukirudi piga maji ya mfereji chini yote, sio juu tu.

Kijana_wa_Tudor:
Jumamosi asubuhi naenda na tochi na sumaku. Asipokubali kufungua ile plastiki namshukuru narudi nyumbani. FundiMagongo nikikutafuta uje uipande kwenye jeki utakuja? Ntalipa siku yako.

FundiMagongo:
Ntakuja. Mwambie asiioshe injini, nataka kuona oili inavujia wapi.