Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi kunakozungumzwa Kikechua

Mwanamtoni:
Habarini wapendwa. Nilikaa Cusco, Peru, miezi saba kimasomo. Mjini Kihispania changu kilitosha. Kijijini nilikofikia, bibi mwenye nyumba alijua salamu tu. Sensa ya 2017 ilipata Waperu zaidi ya milioni 3.7 ambao lugha yao ya kwanza ni Kikechua. Wenyewe wanaiita Runasimi, lugha ya watu. Bibi akaniinulia mkate nitaje jina. Nikasema "tanta". Akacheka, akagusa koo lake: t'anta, sauti ikatike kooni. Tanta ni kukusanya, thanta ni kuukuu. Jioni nzima narudia, yeye anamenya viazi, ananisahihisha bila kuchoka. Jamani nampenda yule bibi. Leteni na yenu.

Mama Zuhura:
Mimi Cochabamba, Bolivia. Muuza viazi wangu alinitajia bei kwa Kihispania, akigeuka kwa mwanawe ni Kikechua. Kichanga wanakiita wawa. Ndiye aliyenionjesha chuño, viazi vinavyogandishwa na baridi ya usiku, vikakanyagwa kutoa maji na kuanikwa juani.

Kipepeo:
Mwanamtoni, kwa Otavalo, Ecuador, ungefaulu! Kule wanasema Kichwa, na hiyo sauti ya kukatika hawana. Mkate ni tanta tu.

Kijana wa Mwala:
Mimi nilikuwa Lima, na huko lugha imejificha ndani. Jirani yangu, mzee wa Ayacucho, alikimbia vita miaka ya 1980. Tume ya ukweli ya Peru ilieleza 2003 kwamba watatu kati ya kila wanne waliouawa au kupotea walikuwa na lugha ya asili kama lugha ya kwanza, wengi wao Kikechua. Mzee aliongea Kikechua kwa simu tu, mlango umefungwa. Wanawe hakuwafundisha, aliogopa watachekwa shuleni. Nikamweleza nilivyovishwa kibao shingoni shule ya msingi kwa kusema Kikamba. Alinyamaza muda mrefu, akanishika mkono.

Kipepeo:
Pole sana, ndugu yangu. Mzee anaendeleaje?

Kijana wa Mwala:
Yupo, tunapigiana simu. Siku hizi mjukuu wake wa miaka sita anamganda: babu, nyumba inaitwaje? Wasi. Na mbwa? Allqu. Mlango sasa uko wazi, nawasikia wote wawili.