Makala 60, miezi minane, wasomaji hawaji: kurasa zangu zina kasoro gani?

MshonoWima

Wakuu, habari za wakati huu. Naombeni ushauri, maana hapa nilipofika akili imegota.

Nina tovuti inayofundisha watu kutengeneza cherehani zao wenyewe. Cherehani nimezifungua na kuzifunga miaka mingi, kwa hiyo ninachoandika nakijua, na picha zote nimepiga mwenyewe. Ndani ya miezi minane nimeandika makala 60. Kila nilichosoma kuhusu SEO, yaani mbinu za kupanda kwenye matokeo ya Google, nimekifuata. Plagini ya SEO, ile programu ndogo ya kuongeza kwenye tovuti, inanionyesha taa ya kijani kila ukurasa. Neno kuu lipo kwenye kichwa, aya ya kwanza, vichwa vidogo vyote na maelezo ya kila picha. Lebo ya maneno muhimu (meta keywords, ile iliyo ndani ya msimbo wa ukurasa) nimeijaza hadi pomoni. Kila makala nimeivuta ifike maneno 2,000, kwa sababu niliambiwa Google haipendi makala fupi.

Search Console, kile chombo cha Google kwa wenye tovuti, inasema kurasa zimeorodheshwa na zinaonekana. Ila wanaobonyeza ni wa kuhesabu. Makala ya uzi kukatika, ambayo ndiyo naitegemea, ipo huko ukurasa wa tatu wa matokeo. Kinachoniuma ni kwamba kila siku naona watu wanauliza swali hilohilo kwenye magrupu, wanajibiwa wakanunue mashine mpya, na wakati mwingi kosa ni sindano tu iliyopachikwa kinyume.

Naweka hapa kichwa na mwanzo wa makala mnikosoe bila kunionea haya:

*Cherehani Kukata Uzi | Cherehani Inakata Uzi | Sababu za Cherehani Kukata Uzi*

*Cherehani kukata uzi ni tatizo kubwa kwa watumiaji wengi wa cherehani. Katika makala hii ya cherehani kukata uzi tutajifunza sababu za cherehani kukata uzi na namna ya kuzuia cherehani kukata uzi.*

---

KasiTupu

Mkuu, usihangaike na maandishi. Unakosa viungo (linki) kutoka tovuti nyingine. Tafuta mtu akuuzie viungo mia tano hivi, utapanda ndani ya wiki.

---

FundiMsimbo

KasiTupu, hapo unamtumbukiza mwenzako shimoni. Sera za Google dhidi ya taka (spam) zinataja waziwazi kununua viungo kwa lengo la kupanda kwenye matokeo. Tangu sasisho la Google liitwalo Penguin, la Aprili 2012, viungo vya namna hiyo vinaweza kukuangusha, na hata visipokuangusha mara nyingi havihesabiwi, pesa yako imekwenda na maji. Viungo vya watu waliokusoma wakakupenda vina uzito wake, sikatai. Lakini huyu bwana ana kurasa ambazo hata msomaji akifika hatakaa. Tuanzie hapo.

---

MhaririWaUsiku

Ndugu MshonoWima, hongera kwanza kwa kuandika kitu unachokijua kwa mikono yako. Hilo wengi hawana, na huwezi kulipata kwa plagini.

Sasa fanya jambo moja: soma ile aya yako ya kwanza kwa sauti, mbele ya mtu. Nimehesabu "cherehani kukata uzi" mara nne ndani ya sentensi mbili, na baada ya sentensi hizo mbili sijajua lolote ambalo sikulijua kabla ya kufungua ukurasa. Msomaji wako hajakaa kitini na kikombe mkononi akitafuta elimu. Ameinama juu ya mashine, kitambaa kimekwama, uzi umekatika mara ya sita, simu ameishika kwa mkono mmoja. Anataka aambiwe aanze kugusa wapi. Wewe unamwambia kwamba tatizo lake ni tatizo.

Mambo mengine niyapitie haraka, maana hayastahili muda wako. Lebo ya maneno muhimu: Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Ifute uendelee na maisha. Maneno 2,000: hakuna kiwango cha chini cha maneno wala cha juu. Kama jibu linaisha kwa maneno 500, basi makala imeisha. Yale 1,500 uliyoyavuta ndiyo yanayolifunika jibu. Taa ya kijani: ile ni hesabu ya plagini yenyewe, Google haiioni.

Kichwa ndicho cha kukalia. Umeandika kitu kimoja mara tatu na kukitenganisha na mistari wima. Nakuomba utafute makala yako Google uangalie kichwa kinachoonekana. Sitashangaa kama si hicho ulichoandika. Tangu 2021 Google wamekuwa wakibadilisha zaidi vichwa wanavyoona havifai, na vile vilivyojazwa maneno ni miongoni mwa vya kwanza kubadilishwa. Wanaweza kuchukua kichwa kikuu kilichomo ndani ya ukurasa, au hata maandishi ya kiungo kinachoelekea kwako. Yaani sentensi moja unayopewa kuzungumza na mtu kabla hajabonyeza, umeiachia mashine iiandike.

Kichwa kizuri kinataja tatizo kwa maneno ya mwenye tatizo, halafu kinaonyesha kuwa jibu lipo ndani. Weka la muhimu mbele, kwa sababu kwenye simu mwisho wa kichwa kirefu hukatwa.

---

BintiTakwimu

Kabla hujabadilisha hata herufi moja, kaka, fungua Search Console, sehemu ya utendaji. Bofya neno "cherehani kukata uzi", kisha angalia kichupo cha kurasa. Ni kurasa ngapi zako zinaonekana kwa neno hilo moja? Tuletee jibu hapa, maana nina wasiwasi na idadi ya makala 60 kwenye somo hili.

---

MshonoWima

Dada, nimeangalia. Ni nne:

Cherehani kukata uzi
Kwa nini cherehani inakata uzi wa juu
Sababu 7 za uzi wa cherehani kukatika
Jinsi ya kuzuia uzi kukatika

Nilidhani nikiwa na nyingi ndio nafasi inaongezeka.

Na MhaririWaUsiku, ni kweli. Kichwa kinachoonekana Google si changu. Wamechukua kile cha ndani.

---

BintiTakwimu

Hapo ndipo penye ugonjwa. Ukurasa mmoja ujibu haja moja, na haja moja iwe na ukurasa mmoja. Wewe umeandika makala ileile mara nne na kubadilisha kichwa tu. Google ikipewa kurasa nne zinazosema kitu kimoja, leo inatoa huu, wiki ijayo ule, na hakuna hata mmoja kati yao uliobeba jibu lote. Viungo vyako vya ndani navyo vimegawanyika, vingine vinaelekea kwenye ya kwanza, vingine ya tatu.

Chagua ukurasa mmoja, ule wenye mibonyezo mingi kuliko mingine hata kama ni michache. Kusanya humo kila kilicho kizuri kwenye zile kurasa tatu nyingine. Kisha anwani za hizo tatu uziwekee uelekezo wa 301, yaani wa kudumu, umlete msomaji kwenye huo mmoja. Usizifute zikabaki zinatoa 404, yaani ukurasa haupatikani, na anwani ya ukurasa uliobaki usiibadilishe ili tu ipendeze. Halafu pitia makala zako nyingine zote, kila kiungo kilichokuwa kinaelekea kwenye zile za zamani ukielekeze huku moja kwa moja.

Lakini angalia usiunganishe visivyofanana. Una makala ya uzi kujikusanya chini ya kitambaa?

---

MshonoWima

Ninayo. Hiyo nayo niiunganishe? Maana ni uzi vilevile.

---

BintiTakwimu

Wewe ndiye fundi, niambie: chanzo ni kimoja?

---

MshonoWima

Hapana kabisa. Uzi ukijikusanya chini, watu wengi wanahangaika na uzi wa chini, kumbe mara nyingi kosa liko juu: walitunga uzi kiguu cha kubana kitambaa kikiwa chini, kwa hiyo uzi haukuingia kati ya visahani vya kukaza. Ukiinua kiguu ukatunga upya, inaisha.

---

BintiTakwimu

Basi hiyo ni haja nyingine na ukurasa mwingine. Mtu anaona kitu tofauti kwenye mashine yake na anaandika maneno tofauti. Iache isimame peke yake, uiunganishe na ya uzi kukatika kwa kiungo kinachosema kinakokwenda. Usiandike "bonyeza hapa". Andika "uzi ukijikusanya chini ya kitambaa". Maandishi ya kiungo yanamwambia msomaji na Google ukurasa wa upande wa pili unahusu nini.

Na hayo uliyoandika sasa hivi kwa mistari michache ni bora kuliko makala nyingi za maneno 2,000 nilizowahi kusoma. Yanakili yalivyo uyaweke juu kabisa ya makala hiyo.

---

FundiMsimbo

Nimefungua ukurasa wako kwa simu. Picha ya kwanza ni megabaiti nne na ushee. Nimeisubiri mpaka nikataka kuondoka, na mimi nimekuja kukusaidia. Google wanataka kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Punguza upana wa picha ulingane na mahali inapokaa, ihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi.

Halafu picha hiyohiyo ya juu umeiwekea kupakia kwa kuchelewa. Utaratibu huo ni kwa picha za chini ambazo msomaji hajafika. Ya juu iondolee. Pia picha zako hazina upana na urefu kwenye msimbo, kwa hiyo nikianza kusoma, picha inatokea na maandishi yanaruka chini, kidole kinagusa kisichokusudiwa. Andika vipimo vyote viwili, kivinjari kitatenga nafasi mapema.

Usidharau upande wa simu. Google sasa husoma toleo la simu la ukurasa kwanza. Nimeona kwenye tovuti yako jedwali la saizi za sindano lipo kwenye kompyuta, kwenye toleo la simu umeliondoa kabisa. Kwa Google ni kama halipo.

Kasi peke yake haitakutoa ukurasa wa tatu kama maandishi ni yaleyale, nisikudanganye. Ila itawabakiza wanaofika.

---

MgeniWaHtml

Samahani kuingilia. Nilisoma kwamba ukiwa na h1 mbili (lebo ya kichwa kikuu) kwenye ukurasa unaadhibiwa. Ni kweli?

---

FundiMsimbo

Hakuna adhabu. Google wameshasema mara nyingi kwamba h1 zaidi ya moja hazina shida kwao. Mimi naweka moja kwa sababu inanisaidia kupanga mawazo, na wanaosomewa skrini na programu huruka kutoka kichwa hadi kichwa, hivyo mpangilio ulionyooka unawasaidia wao.

---

MshonoWima

Wakuu, nimekesha. Nimeunganisha nne kuwa moja, imetoka maneno 900 hivi. Tazameni kichwa na mwanzo mpya:

*Cherehani inakata uzi? Anza na sindano, kisha mvutano wa uzi wa juu*

*Zima mashine. Toa sindano uipitishe kwenye ukucha: ikikwaruza, ncha imeharibika, weka mpya. Wakati wa kuirudisha, hakikisha ubapa wa juu umeelekea upande unaotakiwa na mashine yako na sindano imepanda mpaka mwisho. Kisha inua kiguu, toa uzi wote, utunge upya tangu mwanzo. Uzi ukiendelea kukatika, punguza mvutano wa uzi wa juu kidogo kidogo, ukijaribu kwenye kipande cha kitambaa.*

---

MhaririWaUsiku

Sasa nimekusikia wewe. Nikiwa na mashine mbele yangu ningeshaanza kulegeza sindano.

Neno moja tu: "mvutano". Ni sahihi, lakini je, wasomaji wako wanaliandika? Rudi kwenye orodha ya maneno ambayo watu wameyatafuta wakakuona, angalia wanasemaje.

---

MshonoWima

Nimeangalia. "Mvutano" halipo hata mara moja. Kuna "uzi umekaza sana", "kulegeza uzi wa juu", "cherehani inakaza uzi". Wengine wanaandika "cherahani".

---

MhaririWaUsiku

Basi kichwa kiwe: *Cherehani inakata uzi? Kagua sindano, kisha legeza uzi wa juu*. Ndani unaweza kulitaja "mvutano" mara moja, ukilieleza, kwa atakayekutana nalo kwenye kitabu cha mashine. Tahajia ya "cherahani" usiijaze kwa makusudi. Google ina uzoefu wa kutambua tahajia zinazokaribiana, na ukurasa uliochanganya unaonekana wa kizembe.

Maelezo ya meta, yale yanayoweza kutokea chini ya kichwa kwenye matokeo, yaandike pia, sentensi moja au mbili za kumwambia mtu atakachokuta. Hayakupandishi daraja, na Google wakiona sehemu nyingine ya ukurasa inajibu vizuri zaidi wataonyesha hiyo. Lakini yakionyeshwa, ndiyo yanayomshawishi mtu abonyeze.

---

BintiTakwimu

Ukishamaliza, omba ukurasa uorodheshwe upya kupitia ukaguzi wa anwani ndani ya Search Console, mara moja inatosha. Andika tarehe ya leo mahali. Kisha usiuguse kwa wiki kadhaa, uende kwenye kundi linalofuata la makala zinazogongana. Ukibadilisha kila siku hutajua kipi kilisaidia. Baadaye linganisha siku 28 za kabla na 28 za baada, kwa ukurasa huo peke yake.

---

MshonoWima

Nimeandika tarehe. Zile anwani tatu nimeshazielekeza, nimezijaribu kwa simu moja moja na zote zinafika. Ila kwenye ile ya "Sababu 7" kuna picha ya sindano iliyopinda, niliipiga karibu sana na mwanga wa dirishani, upindaji unaonekana vizuri. Bado haipo kwenye ukurasa mpya. Naihamisha sasa.

---

FundiMsimbo

Ihamishe, uikate upana kwanza. Na maelezo yake mbadala, nimeona bado yanasema "cherehani kukata uzi cherehani". Andika kinachoonekana pichani: "Sindano ya cherehani iliyopinda karibu na ncha, pembeni ya sindano mpya iliyonyooka".