Mali haikatiki na warithi ni watatu: tugawane kwa njia gani?

Mzabibu wa Hombolo (mwuliza swali)

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya watatu, na Mahakama ya Mwanzo imeniteua kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yetu, mama alimtangulia. Madeni yamekwisha kulipwa, na sisi watatu, yaani mimi, dada anayenifuata na mdogo wetu wa mwisho wa kiume, tumekubaliana kwa maandishi kwamba kila mmoja apate sawa na mwenzake. Kinachotukwamisha ni mali yenyewe, ambayo haikatiki: nyumba moja Chang'ombe mjini Dodoma, shamba la zabibu la ekari mbili lenye kisima kimoja, pawatila, ng'ombe wanane na cherehani ya mama. Wazee wanashauri tuuze vyote tugawane fedha, lakini mnunuzi akishajua kwamba mnauza kwa sababu ya mirathi, hukupa bei ya kutupa. Tulimwita mthamini, tukapanga mafungu matatu yanayokaribiana kwa bei, na bado kila mmoja alitamani fungu la mwenzake. Tufanyeje?

Mwalimu wa Hisabati, Kongwa

Pole kwa msiba. Mthamini hakukosea hesabu. Alijibu swali ambalo halikuwa lenu. Bei ya soko ni moja kwa wote, ilhali thamani ya kitu kwa mrithi hutofautiana na ya mwenzake, na tofauti hiyo ndiyo inayowezesha kila mmoja kupata zaidi ya theluthi kwa kipimo chake mwenyewe. Ipo njia inayohusishwa na mwanahisabati wa Poland, Bronisław Knaster, ambayo mwenzake Hugo Steinhaus aliieleza katika makala ya mwaka 1948. Kila mrithi anaandika kwa siri, ndani ya bahasha, thamani ya kila kitu kwake yeye.

Natoa mfano kwa mamilioni ya shilingi. Tuseme dada ameandika nyumba 30, shamba 12 na pawatila 3, jumla 45. Wewe umeandika 24, 18 na 6, jumla 48. Mdogo ameandika 27, 11 na 4, jumla 42. Theluthi ya dada ni 15, yako ni 16, ya mdogo ni 14. Kila kitu kinakwenda kwa aliyekithamini zaidi, kwa hiyo nyumba ni ya dada, shamba na pawatila ni vyako. Dada amepokea kitu cha 30 wakati haki yake ni 15, basi anaweka mezani 15. Wewe umepokea vya 24, unaweka 8. Mdogo, ambaye hakupata kitu, anachukua 14 kati ya zile 23. Zinabaki 9, mnagawana tatu tatu. Mwishowe dada anatoa 12, wewe unatoa 5, mdogo anaondoka na 17, na kila mmoja amepata milioni tatu zaidi ya theluthi aliyoiandika kwa mkono wake.

Sharti ni bahasha zifunguliwe kwa pamoja. Anayejua dau la mwenzake, yaani kiasi alichoandika, anaweza kuandika shilingi chache juu yake na kulichukua shamba kwa bei nafuu.

Bibi wa Mpwapwa

Mwanangu Mwalimu, hesabu yako imenyooka, ila hizo milioni 12 dada anazitoa wapi? Mara nyingi katika mirathi mwenye mshahara huandika dau kubwa bila hofu, na yule anayelima mtama na uwele huandika dogo, si kwa sababu haipendi nyumba bali kwa sababu anaogopa deni. Hapo bahasha inapima mfuko badala ya thamani. Kabla mtu yeyote hajashika kalamu, kubalianeni kwamba malipo yatafanywa kwa awamu, muda wake ujulikane, na hati ya nyumba isibadilishwe jina mpaka awamu ya mwisho ilipwe. Ninyi wa Hombolo mna bahati, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo awamu zinaweza kufuata mavuno.

Mfugaji wa Bahi

Ng'ombe msiwaingize kwenye bahasha, mtachoka. Chagueni kwa zamu: pigeni kura ya vikaratasi nani aanze, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha mgeuze, wa tatu aanze na wa kwanza amalizie. Ila je, katika hao wanane wamo maksai wa plau? Kama wamo, wahesabuni kama kitu kimoja. Maksai aliyezoea kukaa upande wa kushoto wa nira hakubali upande wa kulia, na ukiwatenganisha, kila mrithi anabaki na nyama ya kupeleka mnada wa Msalato.

Mwalimu wa Hisabati, Kongwa

Bibi, shikamoo, umenisahihisha na nimekubali. Mfugaji naye amegusa jambo ambalo wataalamu wanalihangaikia. Uchaguzi wa zamu una dhamana yake: ukimwonea mwenzako wivu, wivu huo huisha pindi kitu kimoja tu kikiondolewa katika fungu lake. Mchumi Eric Budish alikipa kipimo hicho maelezo rasmi mwaka 2011. Lakini dhamana hiyo inasimama pale tu thamani ya fungu inapokuwa jumla ya thamani za vitu vyake, na maksai wawili wa nira moja si jumla ya maksai mmoja na mmoja.

Mzabibu wa Hombolo

Bibi, shikamoo, na wote nawashukuru. Maksai wapo wawili, na ng'ombe mmoja ana ndama anayenyonya. Kwa kuwahesabu hivyo wanane wamekuwa vitu sita, kila mmoja akachagua mara mbili. Bahasha tumezifungua jana mbele ya shangazi, baada ya kuandikiana kwamba malipo yatakwisha katika mavuno manne. Nyumba imekwenda kwa dada na shamba limebaki kwangu, kama tulivyotarajia. Kilichotushangaza ni cherehani. Mimi na dada tuliandika laki mbili kila mmoja. Mdogo wetu, ambaye hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, aliandika milioni moja na nusu. Ni yake, na fedha atakazopokea kutoka kwetu zimepungua kwa kiasi kinachostahili. Dada ameomba aachiwe mkasi uliokuwa kwenye droo ya cherehani, na mdogo amempa.