Mtoto wa la nne tebo zote anazo kichwani ila kutoa kwa kukopa hapati hata moja, nimsaidieje?

BintiTabata
Wakuu habari za jioni, walimu na wazazi wa humu naombeni msaada. Binti yangu yuko darasa la nne shule ya serikali huku Tabata, kusoma anasoma vizuri tu, tebo hata ukimwamsha saa nane usiku akuimbie ya saba anaimba mpaka mwisho, sasa njoo kwenye kutoa ndo utachoka. Juzi nimekaa naye nakagua daftari nakuta 402 − 178 kaandika 376. Nikamwambia rudia, karudia, 376 ile ile. Nikampa 305 − 128 kaniletea 223. Na anaandika kwa kujiamini wala hababaiki! Zile za kutoa zisizo na kukopa anapata zote.

Baba yake anasema ni uvivu, apelekwe tuisheni kwa jamaa mmoja hapa mtaani anasifika kwa fimbo. Mimi roho inasita, mtoto atoke shule saa tisa halafu aende tena huko mpaka saa kumi na mbili jioni, si atalala juu ya daftari. Na mwisho wa mwaka kuna ule upimaji wa NECTA (Baraza la Mitihani) wa la nne. Darasani kwao wamejaa, dawati moja wanakaa mpaka wanne, mwalimu simlaumu atamfikia nani amwache nani. Mi mwenyewe kutoa najua, ila kumweleza KWA NINI anakopa kwa jirani siwezi, nabaki kumwambia kopa, kopa, na yeye ananikodolea macho.

Mzee wa Gongolamboto
Ficha rimoti na simu, mpe hesabu hamsini kila jioni. Sisi tumeulizwa tebo mstarini asubuhi ukikosa unakula za kutosha na leo hakuna wa kutudhulumu chenji. Watoto wa siku hizi wanadekezwa sana.

TichaChaki
Mzee wangu shikamoo, ila dada kasema tebo mtoto anazo zote, sasa hizo hamsini za nini, si atakosa hamsini.

BintiTabata hebu angalia tena hiyo 376, mtoto hajabahatisha hapo. 4 toa 1 kapata 3, sawa. Kafika kwenye 0 toa 7 kaona haitoki, kageuza, 7 toa 0 kaandika 7. Kafika 2 toa 8 haitoki, kageuza tena 8 toa 2 kaandika 6. Ile 305 nayo kafanya hivyo hivyo. Ana kanuni yake kaitunga mwenyewe, kubwa toa ndogo, na anaifuata bila kukosea ndo maana hababaiki. Mara nyingi wanaitoa huko la kwanza na la pili, wanasikia kwenye kutoa unaanza na namba kubwa basi wanaihamishia kwenye kila safu. Ukimwongezea mazoezi ndo anazidi kuizoea.

Shida iko kwenye thamani ya nafasi. Mtoto anaandika 402 vizuri kabisa chini ya mamia, makumi, mamoja, halafu muulize kwenye 402 kuna makumi mangapi anakwambia hamna, sababu anaona sifuri. Yamo arobaini! Muulize wako leo, akisema hamna basi kukopa kwake ni uchawi tu, kukata namba na kuandika kijinamba juu bila kujua imetoka wapi.

Usianze na kalamu, anza na hela. Sasa shilingi moja na shilingi kumi mtoto hajawahi kuzishika, kwa hiyo panda juu, mamia yawe noti za elfu kumi, makumi yawe buku (noti za elfu moja), mamoja yawe sarafu za mia. 402 inakuwa elfu kumi nne na mia mbili, yaani 40,200. Kama elfu kumi nne za kuchezea hazipo (na nani anazo tarehe kama hizi) kata maboksi ya sabuni mziandike wenyewe. Yeye mteja, wewe una duka, mwambie unanidai... samahani nakudai 17,800, nataka kamili sina chenji. Hapo atahangaika, mwache ahangaike, na neno kopa usilitaje kabisa. Anatakiwa atoe mia nane na anazo mia mbili tu. Atatafuta buku avunje, hana hata moja. Atazungusha macho weee mwisho atakwambia mama nivunjie hii elfu kumi. Mpe buku kumi. Halafu buku moja aivunje apate mia kumi. Mwambie ahesabu alichonacho mezani: elfu kumi 3, buku 9, mia 12. Hapo anakulipa bila kelele na anabaki na 22,400. Kwenye daftari ndo 224 yako.

Cha kushika ni hiki, kila anapovunja hela hapo hapo aandike kwenye daftari alichofanya. Kavunja elfu kumi, 4 ikatwe iwe 3 na ile 0 iwe 10. Kavunja buku, 10 iwe 9 na 2 iwe 12. Wazazi wengi wanacheza mchezo wa hela nusu saa, wanafunga, ndo wanafungua daftari kama somo jingine kabisa, mtoto haunganishi. Chuoni tulisoma habari za Bruner, yule mwanasaikolojia wa elimu, vitendo kwanza halafu picha ndo alama, shuleni kwetu tunachoruka sana ni picha maana kuchora kunakula kipindi. Nyumbani una muda, mchoreshe, mraba ni mia, mstari ni kumi, nukta ni moja.

GengeBuguruni
Ticha nakuheshimu ila mi nina swali. Wangu yuko la tano ananisaidia gengeni toka mdogo, mteja akitoa elfu tano kanunua vitu vya 3,300 chenji anarudisha kabla sijageuka, hajawahi kunitia hasara. Daftari lake la hisabati sasa, tatu ya kumi, nne ya kumi. Hela anazijua kuliko mimi mbona hazimsaidii shule?

TichaChaki
Mama Genge umeuliza kitu kizito. Kule Brazil mji wa Recife kuna watafiti waliandika 1985 kuhusu watoto wauza vitu mtaani, walienda kwao kama wateja wakawauliza bei za nazi ngapi na chenji, watoto wakapata karibu zote. Baadaye wakawakalisha chini na karatasi, hesabu zile zile zimeandikwa kwa namba tupu, wakapata chini ya nusu. Kwa hiyo wako hayuko peke yake na akili anayo.

Msikilize anavyorudisha chenji, najua hatoi. Anaanzia 3,300 anapanda, mia saba inafika elfu nne, buku inafika elfu tano, basi chenji 1,700. Hiyo ni kutoa halali kabisa, shida ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa ndo hisabati yenyewe, akiingia darasani anaiacha mlangoni. Mwambie aandike vile vile anavyosema kwa mdomo. Hata ya binti wa dada, kutoka 178 ongeza 2 ufike 180, ongeza 20 ufike 200, ongeza 202 ufike 402. Jumla ya nyongeza 224. Walimu wengine wanataka lazima wima, sawa ampe wima, hii aitumie kuhakiki jibu. Mtoto mwenye kuhakiki 376 hawezi kuiacha, maana 178 na 376 zinapita mia tano.

DogoWaSinza
Na huyo wa tuisheni ya fimbo mkwepe dada. Hata shuleni kwenyewe, kwa kanuni za viboko za 2002, anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule au aliyempa ruhusa kwa maandishi na visizidi vinne, sembuse mtu wa mtaani. Nimepita mikono ya hao watu, unachojifunza ni kuandika jibu lolote haraka ili zamu yako iishe.

Mzee wa Gongolamboto
Marahaba ticha. Lakini mbona sisi tulielewa bila maboksi ya sabuni?

DogoWaSinza
Mzee mlielewa wangapi kati ya mliokaa darasa lile? Waliobaki hawako humu kujibu 😂

BintiTabata
Wakuu narudi na mrejesho. Ticha nimemuuliza makumi mangapi kwenye 402, kasema hamna. Nikacheka peke yangu. Tumekata boksi, ile ya kwanza aliganda muda mrefu mpaka mdogo wake ndo akadakia si umwombe mama akuvunjie, kuanzia hapo akawa anavunja mwenyewe hadi zisizohitaji kuvunjwa, kila kitu anataka kuvunja. Tumeenda hivyo jioni jioni, sasa hivi kwenye daftari zenye sifuri katikati anapata nyingi, 1000 toa kitu bado inamtatiza ila akichora anafika. Baba yake kakuta manoti ya boksi mezani kauliza nani kafungua benki humu ndani, suala la tuisheni hajalirudia.

Sasa kuna kingine. Swali la maneno, Asha ana maembe 15, ana maembe 6 zaidi ya Juma, Juma ana mangapi. Yeye kajumlisha kapata 21. Anasema mwalimu kawaambia wakiona zaidi wajumlishe.

TichaChaki
Hiyo ya kusaka neno moja kwenye swali inafanya kazi kwenye maswali mepesi tu, siku mtungaji akiligeuza kidogo darasa zima linaanguka. Mkataze kugusa namba kwanza. Asome, afunike kitabu, akusimulie hadithi kwa maneno yake, nani ana mengi hapo, Asha au Juma? Akishajibu Asha mwulize sasa Juma anaweza kuwa na 21? Wengi wanastuka wenyewe hapo.

Halafu achore mistari miwili, mmoja wa Asha mmoja wa Juma, wa Asha uwe mrefu, kile kipande kilichozidi aandike 6 na mstari wote wa Asha aandike 15. Kisha ndo achague kama anajumlisha au anatoa. Mtungie mengine kwa majina ya watoto wa hapo kwenu, nusu yawe na neno zaidi la kujumlisha na nusu la kutoa, uyachanganye.

GengeBuguruni
Ticha tuisheni unafundishia wapi?

TichaChaki
Sifundishi tuisheni mama, nikitoka na wale wa la pili sauti yote imeisha. Uliza hapa hapa.