Mtoto aliyelazwa kwa virusi vya kifua: apewe antibiotiki au asipewe?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni daktari wa watoto, na kila msimu wa mafua swali ni lile lile. Mtoto wa miezi minane amelazwa, pua zinatanuka, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, kipimo kinaonyesha RSV, kirusi kinachoshambulia njia ya hewa. Mzazi anauliza: "Antibiotiki anaanza saa ngapi?" Nikijibu kwamba hatumpi, naonekana nimemnyima mtoto dawa.

Msimamo wangu: asipewe mpaka kuwe na dalili. Tunachoogopa ni bakteria kuingia kwenye damu wakati sisi tunahangaika na virusi. Hofu hiyo ina msingi, lakini kwa mtoto aliyekuwa mzima akapata bronkiolaitisi ya RSV (uvimbe wa vijia vidogo vya hewa mapafuni), hilo hutokea kwa nadra, chini ya watoto 2 katika kila 100. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2014 nao unasema antibiotiki zisitolewe kwa ugonjwa huu, isipokuwa kuna maambukizi ya bakteria au yanashukiwa kwa nguvu.

Wapo wanaosema basi tuoteshe damu ya kila mtoto, yaani tuiweke kwenye chupa ya maabara tuone kama bakteria wataota. Nimeona matokeo yake. Ngozi imepanguswa haraka, haikuachwa ikauke, bakteria wa kawaida wa ngozi akaingia kwenye chupa. Kesho yake maabara inapiga simu: kumeota. Mtoto anachomwa tena, anaongezewa siku wodini, na bakteria huyo hakuwahi kuwa kwenye damu yake. Naomba kuwasilisha.

Mama wa watatu
Daktari, nakuheshimu, ila hapo nakupinga. Mwanangu wa pili alilazwa kwa homa ya mafua, influenza. Siku ya tatu homa ilishuka, akanyonya vizuri. Siku ya tano ikapanda upya, mikono na miguu ikawa ya baridi, akalegea, hata akichomwa sindano halii. Damu ilipooteshwa wakakuta pneumokoka, bakteria wa nimonia. Siku zote hizo kila tukiuliza tulijibiwa "ni virusi". Ukitaja hao wachache katika 100, mimi mmoja wao namjua kwa jina.

Muuguzi wa zamu
Pole sana mama. Lakini mnazungumzia magonjwa mawili. Influenza huchubua utando wa njia ya hewa, bakteria kama pneumokoka na stafilokoka wakapata pa kupenya. Katika janga la 1918, vifo vingi vilitokana na nimonia ya bakteria iliyofuata mafua. RSV kwa kawaida haifanyi hivyo.

Umri nao tusiuruke. Kichanga wa chini ya mwezi mmoja mwenye homa achunguzwe kikamilifu hata kama kirusi kimeonekana. Kwa wa mwezi mmoja hadi mitatu, mkojo usisahaulike, maana bakteria hupatikana huko mara nyingi kuliko kwenye damu. Na mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa huyo hana mjadala, apewe.

Mdau
Na pasipo na maabara je? Vigezo vya WHO ni kuhesabu pumzi: 50 au zaidi kwa dakika kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, anapewa amoksilini, antibiotiki ya kumeza. Wengi wao si ajabu wana virusi tu.

Mwanzisha mada
Mdau, kwa amoksilini pasipo na maabara sina ubishi. Ubishi wangu ni sindano kali za antibiotiki kwa kila aliyelazwa, "kwa usalama". Dawa ikitangulia, damu ikichukuliwa baadaye chupa inaweza isioteshe kitu, na hapo hatujui tena tunapigana na nani.

Mama, sitetei "ni virusi" ya siku ya kwanza kuendelea kutumika siku ya tano. Homa iliyotulia ikarudi ni ugonjwa mpya mpaka ithibitike vinginevyo: damu ichukuliwe saa hiyo hiyo na dawa ianze bila kungoja majibu, maana chupa huchukua siku moja au mbili kuota. Naomba nikuulize, homa iliporudi, ilipita muda gani kabla hajaangaliwa upya?

Mama wa watatu
Jioni mpaka asubuhi, daktari.